Taa ya betri ikiwaka kwa mbali usikimbilie kununua altaneta

Wadau leo naongelea ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi, maana imenila hela na sitaki imle na mwingine. Nilikua natoka Pangani narudi Tanga mjini, magharibi imeingia nikawasha taa kubwa, nikaona kale kabetri kekundu kanawaka kwa mbali, yani mpaka ukinge mkono ndo unakaona vizuri, ukizima taa za mbele kanapotea, ukiwasha kanarudi. Asubuhi nikapeleka gari gereji, fundi hakushika hata maltimita (kile kipimo cha umeme) akasema altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, imekufa, tafuta nyingine. Nikanunua ya mtumba ikafungwa. Usiku taa ile ile.

Ndo nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme kule Ngamiani akanielewesha. Kwenye magari mengi ya zamani ile taa imekaa katikati, upande mmoja inapata umeme wa betri kupitia switchi ya ufunguo, upande wa pili wa altaneta. Ukifungua switchi kabla hujapiga stata lazima iwake, isipowaka mara nyingi balbu imeungua au waya umekatika. Altaneta ikianza kuchaji umeme unalingana pande zote, taa inazima. Sasa ikiwaka kwa mbali ujue pande mbili zimepishana kidogo. Inaweza ikawa dayodi ya altaneta (kile kifaa cha ndani kinachopitisha umeme upande mmoja tu), inaweza ikawa umeme unapotea njiani, kwahiyo unapima kwanza hununui kwanza!

Tukaacha gari inaunguruma, taa kubwa na feni vimewashwa. Kwenye altaneta pale panapofungwa waya mnene tukapata volti 14.6, kwenye betri 13.0. Volti 1.6 zimepotea kwenye kipande cha waya ambacho hata 0.3 ni nyingi. Tukazima gari, tukachomoa hasi ya betri, tukaufuata ule waya mpaka kwenye fyuzi kubwa ya kufunga kwa bolti, kufungua tu, unga wa kijani umejaa chini ya washa, kile kiduara cha chuma cha bolti. Chumvi hiyo. Mimi naishi Raskazone gari inalala nje na upepo wa bahari usiku kucha, wenzangu wa pwani mkague hapo hata kama taa haijawaka.

Tukapiga msasa mpaka shaba ikang'aa, tukakaza, grisi kidogo juu. Tukarudisha hasi, tukawasha gari, kupima tena, altaneta 14.3 betri 14.2.

Na jamani fundi akitaka kuchomoa waya wa betri gari ikiwa inaunguruma eti aone kama altaneta inachaji, mkatalie kabisa, umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza kompyuta ya gari.

Usiku nikazunguka mpaka Kange na kurudi na taa kubwa, kabetri hakajaonekana. Kesho yake tukairudishia ile altaneta ya kwanza tukaipima, nzima kabisa, ndo natembea nayo mpaka leo, ile ya mtumba ipo stoo.