Kigugumizi changu na simu ya wodini

Wanagenzi wa maabara mliokuja mwezi huu, karibuni Kisumu. Nilikuwa nimeapa kutotoa ushauri tena, maana kila kundi huitikia "ndiyo mzee" kisha likafanya lilivyozoea. Lakini juzi mmoja wenu alipiga simu wodi ya wanaume, akasoma himoglobini ya Otieno kwa pumzi moja kama makanga wa Kondele, akakata. Otieno yupi? Wodi ile haikosi akina Otieno watatu. Muuguzi aliiandika kwenye faili la mwingine, na kama si daktari kushtuka, mtu angeongezewa damu asiyoihitaji.

Mimi nina kigugumizi, kama mlivyokwisha kuona na kuigiza mkidhani sisikii. Humpata takriban mtu mzima mmoja kati ya mia, wanaume kuliko wanawake. Si woga wala upungufu wa akili. Ni jinsi ubongo unavyopanga usemi, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Kwetu babu alikuwa nacho. Kimenifunza kazi hii kuliko chuo.

1. Simu. Zamani nikiwa mgeni kama nyinyi, zamu ya usiku, ilitoka potasiamu ya juu mno, 6.8. Seramu, yaani maji ya damu, ilikuwa safi, haina wekundu, kwa hivyo si chembe zilizopasuka na kumwaga potasiamu yake. Nikarudia kipimo, ikatoka ileile. Mnajua maana yake: moyo unaweza kusimama, wodi ijulishwe sasa hivi. Shida ni kwamba herufi P ndiyo adui yangu. Neno likinigomea huwa nalikwepa. "Pole" ikikwama nasema "jikaze". Potasiamu utaikwepea wapi? Nikainua simu, nikairudisha. Nikaandika majibu kwa wino mwekundu, nikayaweka kwenye trei, nikijidanganya kwamba mhudumu wa wodi atapita. Hakupita. Alfajiri muuguzi alikuja mwenyewe kuulizia, akaiona karatasi, akatimua mbio. Mgonjwa alitiwa kalsiamu mshipani akapona, wala si kwa hisani yangu. Mkuu wa maabara aliponiuliza kwa nini sikupiga, nikamwambia simu ni mbovu. Uongo huo ulitoka bila kukwama hata silabi moja! Basi akaleta fundi. Fundi akaifungua mbele yangu, akapuliza vumbi, akaifunga, akatangaza kuwa ni nzima kabisa. Mkuu wangu, mama yule, alingoja fundi aende, akasema, "Mwanangu, waambie wodi wakusubiri. Watasubiri."

Tangu hapo naanza hivi: "Maabara. Nina kigugumizi, chukua kalamu." Kumbe! Anayenisikiliza hulazimika kuandika mojamoja: majina yote matatu, namba ya mgonjwa, tarakimu, kisha ananisomea alichoandika. Nyinyi wenye ndimi nyepesi mnaambiwa "sawa, sawa" na simu imekatwa.

2. Mkitoa damu, chupa ya kifuniko cha zambarau isitangulie ile ya kemia. Dawa iliyomo ina potasiamu, ikiingia katika ile ya pili majibu yatadanganya.

3. Kimya. Nikikwama, mgonjwa hukijaza kimya mwenyewe. "Daktari, kusema kweli asubuhi nilionja chai," na hapo kaandikiwa kipimo cha sukari kabla ya kula. Ukimuuliza mbiombio atakuapia hajaonja kitu. Na watoto je? Wengi wetu wenye kigugumizi hatukwami tukiimba, kwa hiyo mimi huwatoa damu nikiimba nyimbo za kanisani kwa Dholuo. Mama anacheka, mtoto ananikodolea macho, mkono unalegea, sindano imeshaingia. Kuna mmoja alilia nilipoacha kuimba. Sauti yangu si ya kuliliwa, lakini sikumkatalia.

4. Msimalizie mtu maneno yake, awe mimi au mgonjwa. Juzi nilitaka kusema Nyalenda, mkanipeleka Nyamasaria.

5. Kuna mmoja wenu ambaye simu ikilia humsukumia mwenzake, kisha anaosha slaidi ambazo tayari ni safi. Kijana, nimekuona. Najua jina lako ndilo linalokutesa zaidi, maana halina la kulibadilishia. Basi usianze nalo, anza na "maabara". Jumamosi usiku simu ni yako. Mimi nitakuwa kwenye darubini nikihesabu vimelea vya malaria, na fundi nisimwone.