Muulize Mama Daktari: Kwa nini daktari amtoe farasi anayeongoza?

SWALI: Shikamoo Mama Daktari. Mimi ni kijana wa Voi, nafanya kazi ya usaisi huku Barka, Oman. Juzi farasi wetu alikuwa anaongoza mbio za kilomita 120. Kufika kituo cha ukaguzi, daktari akamtoa, eti anachechemea. Mimi nilikuwa nimeshika hatamu na sikuona kitu! Tajiri alifoka mpaka masaisi wote tukanywea. Nani alianzisha mbio hizi, na huyu daktari nguvu zote hizo alipewa na nani?
Saisi wa Voi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufokewa. Tajiri wako angeishi zamani, angefurahi sana, maana ziliwahi kuwepo mbio ambazo daktari hakuwa na la kusema. Mwaka 1892 maofisa wa jeshi wa Austria na Ujerumani walishindana kati ya Vienna na Berlin, karibu kilomita 580. Mshindi, Wilhelm Starhemberg, alitumia saa 71 na dakika kadhaa. Farasi wake, Athos, alikufa baada ya kufika, na wengine wengi walikufa vilevile. Ushindi gani huo?

Mbio kama zenu zilitoka mahali pengine: Auburn, mji mdogo wa California. Alikuwepo bwana mmoja, Wendell Robie, mfanyabiashara wa mbao na mtu wa benki, mpenda milima kupindukia. Watu walikuwa wakibisha kwamba farasi wa siku hizi hawezi tena kutoka Ziwa Tahoe hadi Auburn kwa siku moja, maili 100 za milima na makorongo, kwa njia iliyotumiwa zamani na wachimba madini. Agosti 1955 Robie alimtandika Bandos, dume lake la Kiarabu, akaondoka na wenzake wanne, akaingia Auburn kabla saa 24 hazijatimia. Ubishi ukaisha.

Kwenda mwenyewe na marafiki ni jambo moja. Kualika watu kila mwaka ni kazi nyingine kabisa. Njia ya mlimani huzibwa na miti iliyoanguka, kwa hiyo lazima watu watangulie na misumeno. Maji yapelekwe mahali ambapo gari hufika kwa taabu. Tarehe yenyewe walikuwa wakiipanga kwa kuangalia mwezi mpevu, maana sehemu ya mwisho ya safari ni usiku, pembezoni mwa magenge. Na zawadi? Hakuna fedha taslimu. Anayemaliza ndani ya saa 24 hupewa mkanda wenye bizimu ya fedha, awe wa pili au wa tisini. Mimi naona hapo ndipo Robie alipocheza karata yake vizuri: ukiondoa donge nono, unaondoa na sababu ya kumchapa mnyama aliyechoka.

Sasa tuje kwa daktari wako. Kwenye mbio hizo za Robie kufika tu hakutoshi. Farasi hukaguliwa njiani na hukaguliwa tena akimaliza, na akionekana hawezi kuendelea, bizimu hupati. Wa kwanza hupata Kombe la Tevis, lakini mwaka 1964 likaongezwa Kombe la Haggin: madaktari huwapima farasi kumi wa mwanzo, na kombe huenda kwa aliye katika hali bora kuliko wote. Anaweza kuwa wa saba! Wapanda farasi wengine huko wanalitamani hili kuliko lile la kwanza, na mimi nawaelewa. Desturi ya ukaguzi ikasambaa, ikafika Ghuba. Mwaka 1998 ubingwa wa dunia ulifanyika Falme za Kiarabu.

Unasema hukuona kitu. Hukuona kwa sababu ulikuwa umeshika hatamu, uko ubavuni, unakimbia naye. Daktari amesimama mbali, farasi anaenda matiti, yaani mbio za polepole, kumwelekea, na anatazama kichwa. Mguu mbovu wa mbele ukikanyaga, kichwa kinapanda; mzima ukikanyaga, kinashuka. Halafu anasikiliza. Kwato kwenye ardhi ngumu hulia pa, pa, pa, kwa vipimo sawa. Pa moja ikichelewa, sikio linainasa kabla ya jicho. Mimi nimestaafu udaktari wa mifugo nikiwa nimepima punda wengi kuliko farasi (kwetu mbung'o na tauni ya farasi hawakuacha wengi), lakini mlio ni uleule.

Mengine unaweza kuyapima mwenyewe kabla ya kumpeleka. Bonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka uwe mweupe, achia, uone wekundu unarudi upesi au unasuasua. Finya ngozi ya bega. Ikibaki imesimama, ana kiu kubwa. Moyo usizidi mapigo 64 kwa dakika, basi vua tandiko mara moja, mmwagie maji, mweke kivulini.

Na siku moja kabla ya mbio, mpe mwenzako hatamu akimbie naye kwenye sakafu ngumu, wewe usimame mbali. Ukiona kichwa kinapanda na kushuka, mwambie tajiri siku hiyohiyo. Atafoka, ndiyo, lakini atafoka kwa faragha.