Kwa nini nyanda za kusini mwa Serengeti hazina miti

Umeuliza kama miti ya kule ilikatwa. Hapana ndugu yangu, ni kazi ya volkano. Milima ya upande wa Ngorongoro, hasa Kerimasi na baadaye Ol Doinyo Lengai, ilirusha majivu na upepo wa mashariki ukayamwaga kwenye nyanda zile. Majivu hayo yana chokaa nyingi. Mvua huiyeyusha na kuishusha kidogo, kisha maji yanakauka na chokaa inaganda. Angalia kingo za korongo lolote kule: chini ya mizizi ya nyasi, mara nyingi hata mita moja haifiki, utaona tabaka jeupe, gumu kama saruji. Mzizi wa mgunga haupenyi hapo. Nyasi fupi zinatosheka na udongo wa juu, tena zina kalsiamu na fosforasi tele, ndiyo maana nyumbu huzalia huko kati ya Januari na Machi.

Mimi kinachonivutia zaidi ni yale majabali ya graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, yaliyochomoza katikati ya majivu kama visiwa. Kwenye nyufa zake maji ya mvua hutuama, na humo miti inaota vizuri kabisa.