Subaru yangu ya tabo, nichague tuni gani?

SWALI: Habari fundi. Nina Impreza WRX STI ya 2006 kutoka Japani, injini EJ207, kila kitu ni cha kiwandani isipokuwa egzosi nimebadilisha yote kuanzia kwa tabo (ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini). Kuna kijana anasema ataniwekea faili la stage 2 (tuni, yaani mpangilio wa kompyuta ya injini, ya gari lenye egzosi iliyobadilishwa) kwa laptopu, dakika 20 kazi imeisha. Mwingine anataka gari siku nzima kwa daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, na bei yake ni mara tatu. Mafuta naweka yoyote nitakayopata. Niende kwa nani?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Salama ndugu yangu. Hapo kwa "mafuta yoyote" ndio pamenishtua. Hiyo gari ilitengenezewa petroli ya Japani ya okteni 100 (okteni ni uwezo wa petroli kustahimili kugonga), na super yetu ya kawaida ni 93, kwa hivyo hata kabla mtu hajaigusa kompyuta tayari inachelewesha cheche ili injini isigonge, yaani petroli isijilipukie yenyewe ndani ya silinda. Sasa uje uweke faili lililoandikiwa gari lingine na petroli nyingine, liongeze busti (presha ya hewa ya tabo) na kuwahisha cheche, kweli hiyo pistoni itapona?

Mimi nilishapitia. Niliwekewa faili kama hilo nikiwa nimeegesha tu, gari ikawa inavuta vizuri sana nikafurahi, wiki ya pili napanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru nimeikanyaga mlima wote, nikaanza kuona moshi wa bluu kwa kioo. Tulipofungua, pistoni ya silinda namba 4 ilikuwa imemeguka pale kati ya ringi, kipande kama ukucha wa kidole gumba. Nimekiweka mpaka leo.

Kwa hivyo nenda kwa huyo wa daino. Tuni unaihitaji kweli, maana egzosi mpya imeipa tabo pumzi na busti inaweza kupita kipimo. Lakini kwanza apime kompresheni silinda zote nne, atafute mipira inayovujisha hewa, aangalie plagi na pampu ya mafuta, akikataa hayo ondoka. Mwambie atengeneze kwa petroli utakayoipata kila wiki, nguvu za farasi zitakazopatikana ridhika nazo. Na akuonyeshe rekodi yenyewe, busti, vile kompyuta inarudisha cheche, na mchanganyiko ukikanyaga mpaka mwisho, mimi huo naupenda karibu 11 za hewa kwa 1 ya petroli. Karatasi ya farasi pekee haikwambii kama injini inagonga.

Kitu kingine watu husahau ni mwinuko. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, tabo inazunguka kwa kasi zaidi ndio ifikishe presha ileile na hewa inatoka imechemka. Ukishuka Mombasa hewa ni nzito, joto nalo ni la pwani, injini inameza hewa nyingi kuliko ile iliyopimiwa huku juu. Kama huwa unaenda huko mwambie mapema aache nafasi kwenye cheche, asikamue mpaka tone la mwisho, halafu ukifika chini rekodi tena umtumie aangalie. Na ukiwa njiani kule Mtito Andei ukakosa petroli uliyotengenezewa tuni, weka iliyopo, lakini endesha pole bila kuamsha tabo mpaka hiyo tangi iishe.