Kabla ya Kupokea Zamu, Uliza Kinga Zipi Hazifanyi Kazi

Nimesimamia zamu katika viwanda vya kusafisha mafuta kwa miaka mingi, na ushauri ninaowapa vijana wanaoingia katika kazi hii ni kwamba, kabla ya kuuliza kiasi kilichozalishwa au pampu ipi inavuja, waulize kwanza ni kinga zipi za mtambo ambazo kwa saa hiyo hazifanyi kazi.

Tathmini ya hatari hufanywa mezani, wahandisi na maopereta wakipitia mchoro bomba kwa bomba na kujiuliza itakuwaje shinikizo likipanda, mtiririko ukikatika au kimiminika kikirudi kilikotoka. Ni kazi nzuri, nami nimeshiriki mara nyingi. Hata hivyo, tathmini hiyo huhesabu kila kinga kuwa hai: kengele ipo, valvu ya usalama ipo, swichi ya kuzima mtambo ipo, basi hatari huandikwa kuwa ndogo. Miezi michache baadaye kengele imenyamazishwa kwa sababu ilikuwa ikilia ovyo, valvu iko karakana, na swichi imeondolewa kwenye mfumo ili fundi amalize majaribio. Kila mmoja aliyefanya hivyo alikuwa na sababu ya kueleweka, lakini hakuna aliyeirudia tathmini kuangalia kama hatari bado ni ndogo.

Ndivyo ilivyokuwa Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Maji yalipoingia katika tangi la methili aisosayaneti, kemikali yenye sumu kali, mtambo wa kulipoza tangi hilo ulikuwa umezimwa tangu miezi iliyotangulia, mwenge wa kuchomea gesi haukuweza kutumika kwa kuwa kipande cha bomba lake kilikuwa kimeondolewa, na mnara wa kuoshea gesi ulikuwa umewekwa akiba tu. Kwenye michoro, kinga zote hizo zilikuwepo. Gesi ya sumu ikavuja, na maelfu ya watu walikufa.

Mfano ninaoutumia zaidi ninapofundisha ni wa Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, kwa sababu unahusu kifaa ambacho kila opereta hukitazama kila siku. Wakati wa kuwasha mtambo, mnara wenye urefu wa takriban mita 52 uliendelea kujazwa mafuta kwa saa kadhaa huku kipimo katika chumba cha udhibiti kikionyesha kwamba kina kinashuka. Kengele ya akiba ya kina cha juu haikulia, na geji ya kioo iliyo kwenye mnara wenyewe, ambayo mtu huona kupitia kwake kina cha kimiminika kilichomo ndani, ilikuwa chafu kiasi cha kutosomeka. Mafuta yalifurika, mvuke ukashika moto, watu 15 wakauawa na wengine 180 wakajeruhiwa.

Kwa hiyo, mtambo unapowashwa, mtume mtu akaisome geji ya kioo na alinganishe na kipimo cha chumbani. Asitosheke na kuutazama mstari wa kimiminika, kwa sababu njia iliyoziba huacha mstari mzuri uliotulia ambao hauna uhusiano wowote na kilichomo ndani. Kwa utaratibu ulioidhinishwa wa mtambo wenu, afunge valvu za geji, amwage kilichomo kwenda kwenye mfumo uliofungwa, kisha azifungue tena na kuangalia kama kimiminika kinarudi upesi mpaka pale kilipokuwa. Kikirudi polepole, au kisiporudi kabisa, geji hiyo haifai kuaminiwa. Na ikiwa vipimo viwili vinapingana, jibu sahihi ni kusimamisha ujazaji hadi sababu ijulikane, si kuchagua kile kinachoruhusu kazi iendelee.

Kinga inayozimwa iandikwe kwenye daftari lake maalumu, si kwenye kumbukumbu za kawaida za zamu ambako itazama katikati ya habari nyingine. Iandikwe ni kinga gani, imezimwa kwa nini, nani ameidhinisha, itarudishwa lini, na muhimu kuliko yote, ni nini kinachoshika nafasi yake kwa sasa. Ikiwa hakuna kinachoshika nafasi hiyo, mimi husimamisha kazi. Muda ukiisha, kibali kiombwe upya kwa mtu wa ngazi ya juu zaidi, maana kibali kinachoongezwa na mtu yuleyule kila wiki huishia kuwa hali ya kawaida.

Makabidhiano ya zamu yafanyike ana kwa ana, daftari hilo likiwa mezani pamoja na vibali vya kazi ambazo hazijakamilika. Kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, zamu ya usiku iliwasha pampu ambayo valvu yake ya usalama ilikuwa imeondolewa na tundu lake kuzibwa kwa flenji, yaani kifuniko cha chuma, kwa kuwa habari ya valvu hiyo haikuwafikia. Mlipuko ukafuata, na watu 167 walikufa.

Kwa mameneja, nawaomba jambo moja: kikao cha asubuhi kianze na daftari la kinga zilizozimwa, na takwimu za uzalishaji zifuate baadaye. Maopereta huona mara moja kinachoulizwa kwanza, na ndani ya muda mfupi wataanza kuja na majibu yake bila kuulizwa.