Badilisha Nyuzi Kwanza, Ndipo Ushushe Gitaa

Shoo yangu ya kwanza ya metali, ule muziki mzito wa gitaa, niliiharibu mwenyewe, na sikuwa nimelewa. Usiku uliotangulia nilikaa chumbani kwangu Umoja nikalegeza nyuzi zote sita mpaka ule mnene ukafika B. Hesabu yangu ilikuwa fupi: sauti ikishuka, muziki unakuwa mzito. Nyuzi zenyewe zilikuwa zile nyembamba za namba 9 zilizokuja na gitaa. Kesho yake jukwaani, kila nilipogonga, uzi huo mnene ulicheza kama kamba ya kuanikia nguo siku ya upepo, ukapigapiga freti (vile vyuma vya shingoni), na sauti ikaanzia juu kisha ikateremka taratibu hadi mahali ilipopaswa kuwa. Mpiga besi alinitazama kama konda aliyepewa noti iliyochanika.

Siku hizi napiga Dropu C, yaani gitaa limeshushwa mpaka uzi mnene uko C, karibu kila mara, na vijana wananiuliza nilifikaje huko bila gitaa kusikika kama debe. Nilianza kwa kununua nyuzi, vigingi vya kuzikazia nikavigusa baadaye.

Gitaa la kawaida hutuniwa E A D G B E, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Uzi wa E wa chini (ule mnene) hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Ukiushusha hadi D unakuwa mara 73, na ukifika C ni 65. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mkazo wa uzi hufuata mraba wa idadi hiyo. Toni moja tu, umeshapoteza karibu sehemu moja ya tano ya mkazo. Toni mbili, zaidi ya theluthi. Mkazo huo unaurudisha kwa unene. Kama umezoea uzi wa 46 kwenye E (yaani sehemu 46 za elfu za inchi), kwa D tafuta 52, kwa C 56 au 58, kwa B karibu 62. Maduka ya ala ninayoyajua hapa mjini hujaza pakiti za 9 na 10 (namba hiyo ni ya uzi mwembamba kuliko zote), maana wateja wao wengi ni wapiga gitaa wa kanisani. Uliza pakiti ya 11 hadi 56. Ukiikosa, nunua pakiti ya kawaida na uzi mmoja mnene unaouzwa peke yake. Kwa Dropu D hiyo inatosha kabisa.

Na ni Dropu D ninayomshauri kila anayeanza. Unashusha uzi mmoja tu, kutoka E hadi D, mengine yote yanabaki ulivyoyajua. Nyuzi tatu nene sasa ni D A D, kwa hiyo kidole kimoja kikizilaza kwenye freti yoyote unapata kordi ya sauti ya kwanza na ya tano. Ukiongeza mkwaruzo wa amplifaya, kordi ya sauti hizo mbili hubaki imara, ilhali ukitia sauti ya tatu ndani yake vurugu huanza. Kidole kimoja pia kinakimbia kuliko vitatu, na rifu nyingi za metali (vile vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwa) ni mbio hizo tu. Kaa hapo miezi mitatu. Dropu C, yaani C G C F A D, ni mikono ileile ikishushwa toni nzima, hakuna kipya cha kujifunza.

Swali gumu ni ushuke hadi wapi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya metali ya Uingereza Black Sabbath, ambaye hupigia mkono wa kushoto, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani Birmingham mwaka 1965, akiwa na miaka 17. Alijitengenezea ncha za plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza. Kwenye albamu yao ya tatu ya mwaka 1971, baadhi ya nyimbo ziko nusu toni tatu chini ya kawaida, kwenye C#. Tunamwiga wote, lakini yeye alikuwa anahurumia vidole vyake. Upande wa pili, nyimbo nyingi za bendi ya Marekani Metallica za miaka ya 1980 ziko kwenye E ileile ya kawaida, na hakuna anayezilalamikia kwamba ni nyepesi. Uzito mwingi uko kwenye mkono wa kulia, namna unavyoziba nyuzi kwa kiganja na kugonga kuelekea chini bila kulegea.

Kwa hiyo mimi huangalia mwimbaji. Anayenguruma tu, kwake ni mamoja uko C au E. Anayeimba korasi kwa sauti safi ndiye mwenye kura. Kaka yangu mmoja wa bendi alikuwa akikauka koo kila tukifika korasi kwenye E. Tukashuka toni moja, akaacha kukunja uso, nasi tukapata uzito bila kuutafuta. Mpiga nyatiti angetucheka: yeye hutuni nyuzi zake nane kufuata sauti yake, halafu ndipo aimbe.

Sasa lile la Jumapili. Wengi wetu tulijifunzia gitaa kanisani na bado tunapiga huko, tena kwa gitaa lilelile moja. Usilikaze na kulilegeza kila wikendi. Shingo huvutwa upande huu na ule, nyuzi hukatika, na wakati mchungaji anaomba wewe uko nyuma unasokota vigingi. Liache kwenye Dropu C, halafu ubane kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya pili. Utapata D A D G B E: nyuzi tano za juu ziko kawaida, na ule wa chini tu ndio uko D. Ukumbuke huo mmoja, mengine piga kama siku zote. Nimefanya hivyo miaka miwili na mwalimu wa kwaya hajagundua, au amegundua na ameamua kunyamaza.

Kama gitaa lako lina daraja (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa) la kuelea lenye springi nyuma, fikiria mara mbili. Ukibadilisha mkazo wa uzi mmoja, daraja husogea na nyuzi nyingine zote zinapotea. Daraja lisilosogea litakuokolea jioni nyingi.

Uzi mnene pia hautaki kuingia kwenye mfereji uliochongewa uzi mwembamba, pale juu ambapo shingo inakutana na kichwa. Unanasa, na ukikaza kigingi sauti inaruka kwa kishindo badala ya kupanda polepole. Sugua unga wa penseli mfereji huo kwanza. Ikishindikana mpe fundi aupanue kwa tupa ndogo, ila muulize kwanza amechonga mangapi. Mimi nilimpa wa kwanza niliyempata, akachimba mpaka uzi ukalalia freti ya kwanza. Kisha linganisha sauti: piga uzi kwenye freti ya 12 kwa kugusa tu, halafu kwa kuubana. Ule wa kubana ukiwa juu, rudisha nyuma kile kipande cha daraja kinachobeba uzi huo. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Nyuzi zote sita, nusu saa, na programu ya bure ya kutuni kwenye simu inatosha.

Kwenye amplifaya fanya kinyume cha unavyotamani: punguza besi, punguza mkwaruzo, ongeza sauti za kati. Ukiwa peke yako chumbani itasikika nyembamba. Ngoma na besi zikiingia, ndipo utajisikia. Chumbani tumia vipokea sauti vya masikioni, maana C ya chini hupita ukuta wa ploti kama haupo, na kea teka wetu alipanda ngazi mara mbili kabla sijaelewa.

Mpiga besi naye lazima ashuke, na nyuzi zake ni ghali kuliko zako. Mwambie mwanzoni mwa mwezi, mshahara ukiwa bado upo.