Maswali ya Wasomaji: Grażyna Auguścik, Mpolandi wa Chicago

Dada wa ukurasa wa mziki, salaam. Mjomba wangu yuko Chicago miaka mingi, kanitumia nyimbo za mama mmoja anaitwa Grażyna Auguścik. Lugha siielewi hata neno moja lakini sauti nimeipenda. Ni mwimbaji wa jazi au wa nyimbo za kienyeji? Manake kila nikiweka naskia kitu kingine. (Msomaji, Mombasa)

Salaam na wewe, na mjomba mpe asante zangu, katuletea mada nimekuwa nikiitafutia nafasi humu muda mrefu. Unaskia kitu kingine kila ukiweka kwa sababu ndivyo alivyo huyu mama. Katokea kwenye jazi lakini hajaganda hapo, kaimba nyimbo za vijijini za kwao Poland, kaimba bosanova, mziki wa taratibu wa Brazili, na mpiga gitaa wa Kibrazili Paulinho Garcia ambae nae alihamia hapohapo Chicago, kaimba na Cracow Klezmer Band ya Kraków, na klezmer ni mziki wa harusi na sherehe wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, alafu kachukua nyimbo za Nick Drake, yule Mwingereza wa gitaa la taratibu aliyefariki 1974 akiwa na miaka 26, akazifanyia albamu nzima iliyotoka 2012. Wengine wanamuweka rafu ya jazi, wengine rafu ya mziki wa dunia, yaani mziki wenye asili ya kienyeji wa nchi mbalimbali, na mimi naona wote wako sawa.

Kazaliwa 1955 kwenye mji wa Słupsk, kaskazini mwa Poland karibu na bahari ya Baltiki. Huo mji ukiujua historia yake utamuelewa zaidi. Mpaka 1945 ulikuwa wa Ujerumani, ukiitwa Stolp, vita ilipoisha mipaka ikasogezwa, Wajerumani wakaondolewa, wakaletwa Wapolandi kutoka huku na kule, wengine kutoka maeneo ya mashariki yaliyochukuliwa na Wasovieti. Kwaiyo mtoto wa miaka ya hamsini pale amekua mji ambao karibu kila mtu mzima ni mgeni, kila nyumba imekuja na nyimbo zake. Mimi binafsi naona mtu wa mji kama ule kuchanganya mziki sio ajabu hata kidogo.

Marekani alienda 1988, akasoma Berklee kule Boston, chuo ambacho watu wa jazi dunia nzima wanakiheshimu, akamaliza 1992. Piga hesabu hapo, ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu amekaa darasani na vijana wa miaka 19 anajifunza upya. 1994 akahamia Chicago na ndo pakawa kwake. Alafu akafungua lebo yake mwenyewe, yaani kampuni ya kutoa albamu, GMA Records, na hili ntalirudia chini manake ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye kazi yake kwa maoni yangu.

Huyo ndo yule aliyeimba Papaya? Ule wimbo hauna maneno, kule Ufilipino waliucheza sana? Tunafanya kazi na Wafilipino wengi hapa, wanaujua wote. (Msomaji, Muscat)

Hapana ndugu yangu, huyo ni Urszula Dudziak, mwingine kabisa, ila umegonga mlango wa jirani. Dudziak kazaliwa 1943, yeye na mume wake wa wakati ule, mpiga vayolini Michał Urbaniak, walihamia New York 1973, na Papaya ni ya miaka hiyohiyo ya sabini. Hao Wafilipino wenzako waliikuta baadae sana, kwenye miaka ya 2000, kupitia kipindi cha televisheni cha mashindano, ikawa dansi ya nchi nzima. Dudziak ndo aliyeonyesha kwamba mwanamke wa Kipolandi anaweza kusimama New York akaimba bila maneno, sauti akaipitisha kwenye mitambo ya elektroniki, na watu wakaelewa.

Wanakutana hivi: mwaka 2000 Auguścik na Dudziak walitoa albamu pamoja inaitwa To i Hola, na humo ndani ni mambo ya nyimbo za asili za Poland. Yaani wahamiaji wawili, mmoja wa 1973 na mmoja wa 1988, wanakutana ng'ambo na wanachochagua kuimba ni nyimbo za bibi zao. Ukitaka kuanzia mahali pamoja tu, anzia hapo.

Mimi nina mashaka na hawa wa mziki wa dunia. Mtu anaondoka kwao, anachukua wimbo wa kijijini, anaupaka jazi ili Wamarekani wanunue. Huo si utamaduni kupotezwa? (Msomaji, Zanzibar)

Swali zito hili na nitalijibu kwa kirefu kwasababu nalijali.

Kwanza tujue nyimbo zenyewe. Poland ni nchi ya mapigo matatu matatu. Ngoma zao ni mazurka, kujawiak ambayo ni ya polepole, oberek inayozungusha watu mpaka kichwa kinauma, zote zinahesabiwa tatu lakini mkazo haukai pale unapotegemea, unahama, mara pigo la pili mara la tatu, na mpigaji mzuri ananyoosha na kuvuta muda kiasi kwamba ukiandika kwenye karatasi unakosa nusu ya utamu. Na waimbaji wa vijijini, hasa wanawake, wanaimba koo wazi, sauti kali inayotupwa mbali kama mtu anamwita mwenzie ng'ambo ya shamba. Kwenye harusi kuna usiku ule bi harusi anavuliwa taji la maua anavishwa kofia ya mke wa mtu, wanawake wamemzunguka wanaimba, na hapo nyie wa pwani mkumbuke somo na wanawake wanavyomzunguka mwari ndo mtapata picha. Karne ya 19 alikuwepo bwana mmoja Oskar Kolberg, alizunguka vijiji miaka na miaka anakusanya nyimbo hizi, akachapisha vitabu zaidi ya thelathini kabla hajafa 1890. Kwaiyo nyimbo zilikuwa zimehifadhiwa, hazikuwa zinasubiri Mmarekani azinunue.

Sasa angalia nini kilizipata baada ya vita. Serikali ya kikomunisti ilizipenda nyimbo za kijiji lakini kwa namna yake. 1948 ikaanzishwa Mazowsze, kundi la taifa, sketi za rangi, kwaya imepangwa mistari, okestra kamili, kila kitu kimesafishwa. Walikuwa wazuri mno na bado wapo, sitaki kuwavunjia heshima, ila kijana wa mjini wa miaka ya sitini na sabini aliskia nyimbo za asili kwenye redio ya serikali na kwenye sherehe za serikali, akachoka. Uhuru wake aliutafuta kwenye jazi. Jazi ilibanwa sana kule zama za Stalin, ilipoachiwa ikalipuka, tamasha la Jazz Jamboree la Warsaw lipo tangu 1958. Kizazi cha Auguścik kimekulia hapo, wimbo wa kijiji ulikuwa na harufu ya ofisi na jazi ndo ilikuwa hewa.

Ndo maana mimi nasema kwake haikuwa kupaka jazi juu ya utamaduni, ilikuwa kurudi. Mtu yuko mbali, hakuna redio ya serikali inayomlazimisha, wimbo wa mavuno au wa kubembeleza mtoto unakuwa tena wimbo na sio tangazo. Na haigizi mama wa kijijini, hilo mimi namheshimia sana. Hatupi sauti kwa koo wazi kama wale, sauti yake ni ya chini, safi, ya mtu anaongea karibu na sikio, anaacha nafasi, anacheza na silabi, mapigo matatu yapo lakini yametulia kama ya mtu anayekumbuka. Angejifanya mkulima wa Mazovia, lile jimbo la kuzunguka Warsaw, huku anaishi Chicago hapo ningekubaliana na wewe.

Na jambo hili lina mzee wake. Chopin, yule mtunzi na mpiga piano wa Kipolandi, aliondoka Warsaw Novemba 1830 ana miaka 20, hakurudi tena, akafia Paris 1849. Muda wote huo yuko saluni za matajiri wa Ufaransa anaandika nini? Mazurka, zaidi ya hamsini, ile ngoma ya kijiji cha kwao, kaigeuza kinanda mpaka hakuna anayeweza kuicheza kwa miguu. Leo nani atasema Chopin kapoteza utamaduni wa Poland? Auguścik mwenyewe ameimba kazi za Chopin, na za Lutosławski pia, mtunzi wa karne ya 20 ambae mwaka 1945 aliandika vipande vya piano kutoka kwenye nyimbo za kienyeji. Ni mnyororo mmoja.

Tofauti na Chopin ni kwamba huyu mama mlango haukufungwa nyuma yake. Poland alioiacha 1988 ilikuwa bado na makovu ya utawala wa kijeshi wa Desemba 1981, lakini Juni 1989 ukaja uchaguzi na utawala ule ukaanguka. Kwaiyo akawa mtu wa kwenda na kurudi, anaimba Chicago anaimba Poland, na wasikilizaji wa kwao wana nafasi ya kumwambia usoni kama kaharibu. Mzanzibari mwenzangu, huo ndo mtihani ninaouamini.

Nimeskia hapa Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Ni kweli? Na wana uhusiano na mambo haya ya mziki? (Msomaji, Arusha)

Ni kweli kabisa, nenda ukaone, makaburi yapo na yanatunzwa. Hao ni watu Stalin aliwahamisha kwa nguvu kutoka mashariki ya Poland 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, walipoachiwa wakapita Uajemi, alafu Waingereza wakawaleta huku Afrika Mashariki, wengi wakiwa wanawake na watoto. Tengeru peke yake ilikuwa na watu kama elfu tano, na kambi nyingine zilikuwepo Ifunda, Kidugala, Masindi na Koja kule Uganda, na kadhalika. Walikuwa na shule, kanisa, na maonyesho ya nyimbo na ngoma zao. Baada ya vita wengi hawakurudi Poland ya kikomunisti, wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia, Marekani.

Kwa Auguścik moja kwa moja hausiani, yeye ni wa kizazi kingine na kahama kwa njia nyingine. Ila ukisema Wapolandi wa ng'ambo ujue sio watu wa aina moja. Ukumbi wa Chicago kunakuwa na aliyekuja kutafuta kazi, kunakuwa na aliyekimbia siasa, pengine hata mtoto wa kambi, na kila mmoja ana Poland yake kichwani anataka uimbe hiyo. Kuimba mbele ya watu hao ni kazi ngumu kuliko mbele ya Wamarekani.

Dada, shikamoo. Mimi ni binti naimba taarab na nyimbo za kwetu, nimeanza kupata mwaliko wa nje. Kutoka kwa huyu mama nichukue nini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mdogo wangu. Chukua lebo. Albamu zako ukizitoa mwenyewe unalipa studio mwenyewe, unalipa wapigaji, unatafuta msambazaji kwa jasho, inauma, lakini masta, yaani rekodi mama ya albamu, ni yako, na leo ukitaka kuimba na Mbrazili kesho na watu wa klezmer hakuna bosi wa kukuambia hiyo haiuzi. Ndo maana ameweza kuzunguka hivyo. Na shule usiiogope, hata ukiwa na jina tayari.

Kuhusu mwaliko: kama ni Marekani na kuna malipo, usiende na viza ya utalii. Wana viza inaitwa P-3 kwa wasanii wa sanaa ya asili ya kipekee, na anaeanza kuiomba ni aliyekualika kule, sio wewe, anajaza fomu I-129 kwenye idara ya uhamiaji ya Marekani, wewe unaenda ubalozini ikishakubaliwa. Mwambie mwenyeji wako aanze miezi mapema, na umuulize kwa maandishi konsati ikirekodiwa rekodi inakuwa ya nani. Asipojibu hilo swali usisaini.